UZI: Tulikwenda Mexico kufuata ufukwe, mji wa mawe wa Wamaya ukatuteka

Mwana wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi mtoto wa Pangani, mwaka wa kumi na moja huu nabeba boksi Houston. Mwezi wa tatu shule zilipofungwa, mama watoto akatangaza kwamba safari hii hataki hadithi za kubana matumizi, anataka bahari. Na sio bahari ya Galveston yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, anataka bahari inayofanana na ya kwao. Tukapanda ndege hadi Cancún, saa mbili na ushee, tukafikia hoteli moja ya ufukweni pale Playa del Carmen. Zile za kulipa mara moja, ukafungwa utepe mkononi, kisha kula na kunywa ni wewe na tumbo lako.

Siku ya tatu nikawa nimechoka kupumzika. Nimeogelea, nimekula, nimeogelea tena. Kijana wangu wa miaka tisa akaona picha ukutani pale mapokezi: jengo la mawe juu ya gema, chini bahari ya samawati. Akauliza, "Baba, hii Kilwa?" Nikamwambia hapana, hii inaitwa Tulum, magofu ya mji wa Wamaya, wenyeji wa asili wa huku, iko hapo mbele tu. Usiku huo nikaamua kesho tunatoka.

Mezani pa hoteli walitaka kutuuzia safari ya basi kwa bei ya ng'ombe. Lakini nilikuwa nimeshaona wafanyakazi wakimaliza zamu wanatoka barabara kuu, ile namba 307, wanapunga mkono, vihiace vyeupe vinasimama. Vinaitwa kolektivo. Wakuu, ile ni daladala iliyookoka: kiyoyozi kinafanya kazi, konda hakuna, unamlipa dereva ukishuka. Saa moja hivi mpo Tulum.

Magofu yanafunguliwa saa mbili asubuhi, saa zetu. Fikeni saa hiyo hiyo. Kufika saa nne mabasi yanaanza kumwaga watu kutoka Cancún, kilomita 130 kaskazini, na jua linakuwa limeshika panga.

Nakuja na sehemu ya pili, nampeleka mtoto mazoezini kwanza.

Ndizi Mshale

Nimevuta kiti mbele kabisa. Ila mkuu anzia kwenye maumivu: viza je? Pasipoti yetu hii ukiitoa mahali watu wanaanza kukohoa.

Mwana wa Pangani

Kwa pasipoti ya Tanzania peke yake unahitaji viza yao. Ila ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu wa huko, wanakupokea kama mtalii bila viza ya Mexico. Mimi niliingia kwa kadi ya kijani. Haya mambo hubadilika, uliza kabla hujalipa nauli.

Bint Jambiani

Assalaam alaykum. Hiyo bahari kweli iko kama yetu au picha zimetiwa rangi?

Mwana wa Pangani

Waalaykum salaam dada. Rangi ni kweli tupu, na mchanga ni mweupe na hauchomi nyayo hata saa saba mchana. Tatizo mwani. Ni wa kahawia, wanauita sagaso, unaelea wenyewe kutoka Atlantiki na kutupwa pwani kwa tani. Ukirundikana unaoza, harufu yake mayai viza. Kila alfajiri hoteli inatoa trekta na vijana wenye reki kuuzoa kabla wageni hawajaamka.

Bint Jambiani

Mwani unazolewa na trekta kama jaa! Mimi mama kanisomesha kwa mwani. Najua si mmoja, wetu tunaufunga kambani tukaulima, huo unajijia wenyewe. Lakini roho imeniuma.

Mwana wa Pangani

SEHEMU YA PILI.

Ukishuka kwenye kolektivo utakutana na vijana wa vizibao vya rangi kali, vitambulisho shingoni, wanakuelekeza kwa mamlaka yote: "lango rasmi huku, tiketi huku." Wengi ni wapiga debe wa maegesho na safari za boti. Mmoja alinishika hadi nikatoa pochi, mama watoto akanivuta shati. Pita, tembea mpaka kwenye vibanda vyenyewe vya tiketi. Na usishangae kulipa zaidi ya mara moja: eneo lote siku hizi ni hifadhi ya taifa, ina kiingilio chake, na magofu yana chake kinachokwenda kwa taasisi yao ya mambo ya kale, INAH. Jumapili wananchi wa Mexico wanaingia magofu bure, kwa hiyo kunafurika.

Sasa ukuta. Tulum kwa Kimaya maana yake ni boma au ukuta, na huo ukuta ndio wa kwanza kukupokea. Unauzunguka mji pande tatu, upande wa nne ni bahari yenyewe. Mahali pengine unene wake unafika mita nane. Unapita kwenye tundu la mlango, kama handaki fupi, mtu mmoja mmoja, mabega yanagusa mawe. Nilimwambia kijana wangu hebu fikiria wewe ni adui na mkuki wako, unapitaje hapa? Akasema, "Sipiti, narudi nyumbani." Basi kazi ya ukuta ndiyo hiyo.

Ukitokeza upande wa pili, uwanja wa majani mafupi, minazi, majengo ya mawe ya kijivu yametawanyika, na kila jiwe lina iguana juu yake. Mijusi wakubwa kama kenge wetu, wameanika matumbo, hawakimbii mtu. Mwisho wa uwanja ardhi inakatika ghafla: gema la kama mita 12, kisha ile samawati.

Jina la zamani la mji linasemekana lilikuwa Zama, linahusishwa na mapambazuko, kwa sababu unatazama mashariki. Zama za kale mji uliitwa Zama. Naomba mtu asifungue uzi mwingine kwamba Wamaya walikuwa Waswahili.

Mjuaji Namba Moja

Umechelewa, ushahidi ndio huo. Ila mimi nina swali zito zaidi. Hawa watu hawakuwa na vifaa vya chuma, hawakuwa na punda wala ng'ombe, mikokoteni hawakutumia. Walijengaje? Kuna nguvu ilitoka juu. Fungueni akili.

Jamaa wa Kilifi

Mjuaji, pole pole. Hiyo ngoma tumeichezewa sana sisi. Great Zimbabwe walisema ni Wafoinike, watu wa kale wa Mediterania, Kilwa na magofu yetu ya Gede pwani ya Kenya wakasema ni wageni waliokuja na meli wakajenga wakaondoka. Kila mahali ambapo mjenzi si mzungu lazima atafutwe mjenzi mwingine, na wakimkosa duniani wanamtafuta angani.

Mimi nimezaliwa karibu na Gede. Watalii wamejaa Watamu ufukweni, kilomita chache tu, na wengine wanakaa wiki nzima bila kuingia. Ulivyosimulia hiyo hoteli yako nimecheka, ni watu wale wale. Angalau tangu 2024 Gede iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwana wa Pangani

Kaka wa Kilifi umenimalizia kazi. Mjuaji, yule Mmarekani John Lloyd Stephens aliyefika Tulum 1842 na mchoraji wake Frederick Catherwood, wakati huo pori limemeza kila kitu, yeye mwenyewe alishikilia kwamba waliojenga miji hii ni mababu wa wenyeji wale wale aliowakuta. Hiyo ni karibu miaka mia mbili iliyopita, wewe bado uko na viumbe wa angani.

Na walijengaje? Chokaa, ndugu yangu. Ardhi yote ya rasi ya Yucatán ni jiwe la chokaa. Unarundika kuni, unapanga mawe juu, unachoma, unapata chokaa ya lipu. Watu wa pwani mnaojua tanuri la matumbawe mnanielewa. Kuta zile mnazoziona za kijivu zilikuwa zimepigwa lipu na kupakwa rangi, nyekundu na samawati. Kwenye Hekalu la Michoro, ukuta wa ghorofa ya juu, kuna alama za viganja vya rangi nyekundu. Kiganja kizima na vidole vyake. Nilisimama pale nyuma ya kamba muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mtu aliloweka mkono wake kwenye rangi, akaubandika ukutani, akaenda zake kula.

Ndizi Mshale

Ngoja. Mnaruhusiwa kupanda majengo au ni kutazama kama vitenge dirishani?

Mwana wa Pangani

Kutazama. Kamba kila mahali. Ila nakuambia kuna kitu hata kwa mbali utakiona. Juu ya mlango wa kijihekalu kimoja kuna sanamu ya lipu: mungu kichwa chini, miguu juu, anashuka. Wanamwita Mungu Anayeshuka, na yuko majengo mengi pale Tulum. Kwa macho yangu mimi ni mtoto wa Pangani anayejirusha majini kutoka gatini. Kuta za kijihekalu chenyewe zimeinama, unaweza kudhani fundi alikuwa na haraka ya malipo, kumbe zilijengwa hivyo makusudi.

Ni mungu gani, wataalamu wanabishana. Wengine wanasema wa mvua, wengine nyota ya asubuhi, wengine wa nyuki.

Mrina Asali

Hapo kwenye nyuki mmeniamsha. Nyuki gani?

Mwana wa Pangani

Wasiouma, mkuu. Wamaya wanawafuga tangu enzi hizo hadi leo, wanawaita xunan kab. Mzinga ni gogo lililotobolewa, limezibwa huku na huku, magogo yanapangwa yamelala chini ya kibanda cha makuti. Asali na nta ilikuwa bidhaa kubwa ya kusafirisha.

Mrina Asali

Hao ni ndugu wa nyuki wadogo wetu! Mimi niko Tabora, asali ya nyuki wadogo hapa ni dawa, lita yake bei haifanani hata kidogo na ya nyuki wakubwa, na unapata kidogo mno. Magogo nasi tunayo, ila ya nyuki wakubwa tunatundika juu mtini. Kama walimtengenezea nyuki huyo mungu wake mimi nawaelewa kabisa. Endelea.

Kasuku wa Toronto

Niongeze kidogo, mimi nilikwenda Chichén Itzá, mji mwingine wa kale wa Wamaya, nikiwa Cancún. Kule ndiko kuna ile piramidi ya kwenye picha zote, ngazi 91 kila upande, pande nne, ukijumlisha na ya juu kabisa ni 365. Kupanda walikataza 2006. Ukisimama mbele yake ukapiga makofi, mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, wanasema ndege kwezali. Kila kiongozi anapiga makofi, kwa hiyo saa tano asubuhi pale ni kama harusini.

Onyo moja. Cancún na Tulum ziko jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na saa zao zinapishana saa nzima. Ukienda kule unapata saa moja, ukirudi unaipoteza. Mimi niliipoteza nikaachwa na basi la uwanja wa ndege. Na ukiongeza kwamba mke wangu anasoma saa za Kiswahili, siku hiyo tulikuwa na saa tatu tofauti kwenye familia moja.

Ndizi Mshale

😂😂 Na hawa ndio waliosema dunia inaisha 2012? Mjomba wangu alimaliza akiba yake yote mwezi huo.

Kasuku wa Toronto

Hawakusema. Tarehe 21 Desemba 2012 mzunguko mmoja mkubwa wa kalenda yao ulitimia, mwingine ukaanza. Ni kama gari lako kilomita zifike 99,999 kisha namba zijirudi sifuri. Gari halifi. Na sifuri yenyewe hao walikuwa nayo, ilichorwa kama kombe la baharini. Mpe pole mjomba.

Mwana wa Pangani

SEHEMU YA TATU, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Tulichukua kiongozi pale langoni, mzee wa kijiji cha upande wa Cobá, magofu mengine ya Wamaya. Kwa Kihispania changu cha bohari na Kiingereza chake tulielewana. Kijana wangu akamwuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo moyoni: "Wamaya walikwenda wapi?" Mzee akamtazama, akajishika kifua, kisha akanyoosha kidole kwa mama anayefagia majani, kwa dereva wa kigari, kwa muuza nazi. Akaita kitu kwa Kimaya, wote watatu wakageuka wakacheka.

Wakuu, tunalishwa maneno kwamba Wamaya walitoweka. Kilichoanguka karne ya 9 ni ile miji mikubwa ya misitu ya kusini. Tulum ilistawi baadaye kabisa, kati ya 1200 na 1450 hivi, ina maana Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa 1331, huku nako watu walikuwa wanapaka lipu. Wahispania wa nahodha Grijalva walipopita na meli 1518 waliona mji hai pwani hii, watu na minara, na wengi wanaamini ndio huu. Kilichowamaliza wengi ni magonjwa ya kuletwa, ndui mbele, na mwisho wa karne ile mji ukabaki kwa mijusi. Watu walibaki. Mwaka 1847 waliinuka dhidi ya wenye mashamba, vita iliyokwenda hadi 1901. Maji Maji yao, ila miaka hamsini na zaidi. Leo wanaozungumza Kimaya cha Yucatán ni mamia ya maelfu.

Kesho yake tukaenda Cobá, kilomita kama 45 kuingia bara. Kule ni msituni, unakodi baiskeli, au unakaa kwenye baiskeli ya matairi matatu kama guta na mtu anakusukuma. Piramidi yao, Nohoch Mul, ina mita 42. Lakini mimi nilipenda barabara. Wamaya walijenga barabara zilizoinuliwa, zikapigwa chokaa nyeupe, wanaziita sacbe, barabara nyeupe. Moja inatoka Cobá inakwenda kilomita 100 hadi Yaxuná. Yule msukuma guta akanifundisha salamu: "Bix a beel?" Maana yake habari yako, ila neno kwa neno ni "njia yako ikoje?" Unajibu "Ma'alob", njema. Nikiamka sasa namwuliza mama watoto njia yake ikoje, ananitazama tu.

Kijijini njiani tukala. Mama mmoja anafinyanga totila, chapati zao za mahindi, kwa viganja, pah pah pah, anazitupa juu ya chuma cha moto. Pembeni ana ndoo, mahindi yamelala kwenye maji meupe. Nikauliza, chokaa. Chokaa ile ile ya kuta! Wanachemsha mahindi kwa chokaa, yanalala usiku kucha, ganda linabanduka, ndipo yanasagwa. Chokaa inafungua vitamini iliyofungika ndani ya mahindi. Mahindi yenyewe asili yake ni huko Mexico, yalisafiri dunia nzima bila chokaa, na watu waliokula mahindi matupu wakapata maradhi ya pelagra. Sisi tumechukua sembe, mapishi tukayaacha.

Bint Jambiani

Mahindi, pilipili, mapapai, nyanya, vyote vya huko? Basi kwetu walikuwa wanakula nini, wali mkavu?

Mrina Asali

Uwele, mtama na asali. Na hatukufa.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma tangu juzi sikusema. Mimi mtu wa Lamu, nimekaa jahazini miaka thelathini na mbili. Mleta uzi, umetueleza mijusi na mahindi, hujatueleza bahari. Mji juu ya jabali, mbele yake bila shaka kuna mwamba. Biashara ilipita wapi? Vyombo vyao vilikuwa vipi? Nani anajenga mji mahali ambapo chombo hakiingii?

Mwana wa Pangani

Shikamoo mzee. Umenishika pabaya. Vyombo vilikuwa mitumbwi mikubwa ya kasia. Columbus mwenyewe alikutana na mmoja 1502 karibu na visiwa vya Honduras, umechongwa gogo moja, upana kama futi nane, umejaa nguo za pamba, kakao na vitu vya shaba. Tulum palikuwa bandari: kioo cheusi cha volkano kinatoka milima ya Guatemala, chumvi inashuka kutoka pwani ya kaskazini. Chini ya gema kuna kijighuba kidogo cha mchanga, mitumbwi ilivutwa pale.

Na mwamba upo, mrefu sana, unakwenda sambamba na pwani. Jengo kubwa, wanaliita Castillo, limeupa mgongo ufukwe, na upande wa bahari juu lina vidirisha viwili. Kiongozi wetu alisema watafiti waliwahi kuweka taa nyuma ya vidirisha usiku, wakaenda baharini. Taa zote mbili zinaonekana kwa pamoja mahali pamoja tu, palipo na uwazi kwenye mwamba.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Hapo sasa umesema. Hiyo mimi sihitaji mtafiti kuniambia. Kwetu mchana unapanga alama mbili, mnazi wa mbele na mnara wa msikiti wa nyuma, zikikaa mstari mmoja uko kwenye mlango, zikiachana umeshapanda mwamba na mwenye chombo anakusubiri na maneno. Aliyejenga jengo lile hakuanza na dini. Alianza na mlango, akakaa mtumbwini akatazama pwani, akasema hapa. Mungu wakampangisha baadaye.

Una picha ya kutoka juu ukitazama baharini? Tazama povu. Mawimbi yanavunjika mstari mweupe juu ya mwamba. Nitafutie linapokatika.

Mwana wa Pangani

Mzee, nimerudi kwenye simu ya mama watoto, maana zangu zote nimepiga iguana. Ipo moja, kijana kasimama pembeni ya Castillo, mgongo wake baharini. Nimeikuza hadi ikawa vumbi. Mstari mweupe unakuja kutoka kushoto, unakuja, unafika nyuma ya sikio lake, unakatika. Maji pale ni ya samawati iliyoiva zaidi. Kisha povu linaanza tena upande wa pili.

Nahodha Mstaafu

Hapo hapo.

Mjuaji Namba Moja

Na hizo taa mbili walizipata wapi?

Jamaa wa Kilifi

Mjuaji, kalale.